Uzi: Ndoano nambari ngapi kwa nyungunyungu? Trauti wa bwawani, Kuresoi

Kijana_wa_Kondele (Kisumu)

Habari zenu wadau. Mjomba wangu anaishi upande wa Kuresoi na ana bwawa linalopata maji ya kijito kinachoteremka kutoka msitu wa Mau. Amefuga trauti humo, wale wenye mstari wa waridi ubavuni. Ameniruhusu nije nivue kwa ufito, na chambo kitakuwa nyungunyungu kwa sababu ndicho kilichojaa shambani kwake. Swali langu: nibebe ndoano nambari ngapi?

Mimi ni mtu wa ziwa. Ngege namvua kwa nambari 12 na kipande kidogo cha nyungunyungu. Mumi (kambare) namtolea ndoano kubwa na fungu zima. Duka la vifaa vya uvuvi huku mjini lina kila saizi, kutoka zile ndogo hadi zile za kutega mbuta (sangara), na muuzaji ananiambia samaki mkubwa, ndoano kubwa. Mjomba anasema trauti wake wengi wana nusu kilo hivi, wachache wanakaribia kilo. Anayewajua trauti anisaidie kabla sijatoa pesa.

Mzee_wa_Molo

Karibu milimani kijana. Umeuliza kabla ya kununua, hilo ni jambo jema, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Kwanza nambari, kwa faida ya wengine wanaopita hapa. Nambari ikipanda, ndoano inapungua. 14 ni ndogo kuliko 10, na 10 ni ndogo kuliko 6. Ukifika 1 hesabu inageuka: zinafuata 1/0, 2/0, 3/0, na kuanzia hapo kila hatua ni ndoano kubwa zaidi. Halafu ujue hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote. Nambari 10 ya Mustad na nambari 10 ya kampuni nyingine zinaweza kupishana wazi ukiziweka kiganjani, na hata kampuni moja ina 10 ya shina refu na 10 ya shina fupi. Nambari inakufikisha kwenye rafu, kuchagua unachagua kwa macho.

Sasa hilo la muuzaji. Trauti wa nusu kilo ana mdomo mpana. Nambari 6 inaingia humo bila shida, hata 4. Mdomo wake haukuzuii kitu. Kinachoamua saizi ni nyungunyungu mwenyewe, kwa sababu unataka mambo matatu kutoka kwake: awe hai, acheze majini, na ncha ya ndoano isizibwe na mwili wake.

Chukua ndoano uitazame kwa pembeni. Kati ya ncha na shina kuna uwazi. Huo uwazi ndio unaofanya kazi, maana ndimo taya la samaki linapoingia. Ukivisha nyungunyungu mnene kwenye ndoano ndogo, nyama inajaza ule uwazi wote. Samaki anauma, unavuta, ncha haina pa kushika, anakuachia chambo kimetafunwa. Ukifanya kinyume, ukaweka nyungunyungu mwembamba kwenye ndoano kubwa, chuma kinene kinampasua, utomvu wote unamtoka na anakufa kabla hajafika majini. Trauti ataona ndoano yenye uzi mwekundu umening'inia. Kipimo changu ni hiki: unene wa nyungunyungu usizidi nusu ya ule uwazi.

Kwa nyungunyungu wa kawaida wa shambani, yule wa urefu wa kidole cha kati, hiyo inakuleta kwenye nambari 10. Kwa wale wembamba wekundu wa kwenye samadi iliyooza, 12. Kwa yule mkubwa anayetoka usiku mvua ikinyesha, 8, na 6 kama unamweka mzima. Ukinilazimisha kununua pakiti moja tu nitanunua 10, ya waya mwembamba, shina la wastani.

Na kumvisha: usimshone kama soksi kutoka kichwa hadi mkia. Mshike kwa vidole viwili, utaona karibu na upande wa kichwa ana pete nene, rangi yake imefifia kidogo kuliko mwili. Hapo ngozi ni ngumu. Pitisha ncha hapo mara moja, itokee upande wa pili, na uiache wazi. Kichwa kibaki huru upande mmoja, mkia upande mwingine. Atajikunja na kujikunjua akiwa anazama, na huo mchezo ndio unaomwita trauti. Akiwa mrefu sana mchome mara mbili, karibu karibu, lakini mkia lazima ubaki.

Dunga_Beach

Mzee heshima yako, lakini nina swali. Sisi huku ziwani kwa mumi tunafunga nyungunyungu hata watano kwenye ndoano moja, 1/0 au 2/0, na mumi anakuja. Kamongo pia anakuja. Kama fungu linafanya kazi kwa samaki hao, kwa nini lisifanye kazi kwa trauti? Nambari 10 naiona ya watoto wanaovua fulu kando ya mawe.

Mzee_wa_Molo

Swali zuri ndugu yangu. Mumi anatafuta chakula kwa sharubu na kwa harufu. Maji yenu ya kando ya ziwa yana tope, na mumi huzunguka sana usiku, kwa hiyo fungu kubwa linalotoa harufu nyingi linamfaa. Haangalii chuma. Trauti anawinda kwa macho. Maji yake ni baridi na mara nyingi meupe hadi unaona kokoto chini, anakiona chambo kutoka mbali na ana nafasi ya kukikagua. Fungu la nyungunyungu watano kwenye 2/0 ataliona, na kwenye bwawa tulivu atalizunguka tu.

Kuna siku moja fungu linafaa kwa trauti: mvua kubwa imenyesha, kijito kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, udongo unaporomoka kingoni. Siku hiyo nyungunyungu wanasombwa majini wenyewe na trauti wanajua. Weka wawili kwenye nambari 6, wavishe ile namna ya pete, tupa pale kijito kinapoingia bwawani. Maji yakitulia siku mbili tatu baadaye, rudi kwenye 10 au 12.

Dada_wa_Elgon (Kitale)

Naomba kuingilia kwa jambo ambalo mnalipita haraka. Kijana anavua kwenye bwawa la mjomba, hapo mwenye bwawa ndiye anayepanga, sawa. Lakini kuna watu watasoma uzi huu halafu wabebe kopo la nyungunyungu hadi mtoni. Tafadhali msifanye hivyo kabla ya kuuliza. Mito ya trauti Kenya inavuliwa kwa kibali, na sehemu nyingi, hasa ndani ya mbuga na misitu, zinataka inzi bandia tu. Nyungunyungu hairuhusiwi. Huku kwetu mto Suam una trauti, kule Kericho kuna Kiptiget, na kote huko unaanza kwa ofisi ya uvuvi ndipo unafungua begi.

Sababu ya kanuni hizo inahusu moja kwa moja mada yetu ya ndoano. Inzi bandia ni manyoya na uzi. Trauti akimweka mdomoni anagundua si chakula na anamtema, kwa hiyo ndoano hushika mdomoni. Nyungunyungu ni chakula kweli. Anameza. Ndoano inafika kooni au tumboni, inagusa matamvua au moyo ambao uko hapo hapo nyuma ya koo, na hata ukimrudisha majini nafasi yake ni ndogo. Watu wengi wanadhani wakitumia ndoano ndogo wanamhurumia samaki. Kwa nyungunyungu ni kinyume: 14 na 16 zinapita kooni kwa urahisi kuliko 8. Kwa hiyo mimi napingana na Mzee kidogo. Kwenye bwawa lenye trauti wadogo ambao mjomba atataka warudi wakue, ningeanza na 8, na nyungunyungu anayelingana nayo.

Na kilazeni kile kimwiba kilicho nyuma ya ncha. Kibane kwa koleo mpaka kilale. Mshipi ukibaki umevutika samaki hatoki, na unamtoa ndoano kwa sekunde moja bila kumchana.

Mzee_wa_Molo

Dada hapo kwenye kumeza umesema ukweli mtupu na nakubali. Nambari 14 kwa nyungunyungu sitampa mtu yeyote ushauri huo isipokuwa anavua wa kula na anajua atawachukua wote. Tofauti yetu ya 8 na 10 ni ndogo, na inategemea nyungunyungu wa Kuresoi wana unene gani. Kijana, ukichimba ukakuta ni wanene, fuata 8 ya Dada.

Lakini kumeza kunazuiwa zaidi na mkono kuliko saizi. Watu wanaovua mumi wamezoea kumwachia samaki aende na chambo. Trauti usimwachie. Ukitumia kielea, kikizama tu, inua ufito kwa wepesi, usinyakue kwa nguvu. Ukivua bila kielea, shika mshipi kati ya vidole mbele ya gurudumu la kukunjia mshipi. Utasikia ukigongwa mara mbili tatu kwa haraka, kisha mshipi unaanza kutembea. Unapoanza kutembea ndipo unainua. Ukisubiri aondoke nao mita mbili, ameshameza.

Naivasha_Karpu

Salamu kutoka Naivasha. Sisi tunavua karpu kwa nyungunyungu na mahindi, na nimeona duka linauza ndoano zenye vimwiba viwili vidogo kwenye shina, muuzaji anasema ni maalum kwa nyungunyungu, vinamzuia asiteleze. Zinafaa kwa trauti?

Dada_wa_Elgon (Kitale)

Vile vimwiba vya shinani vinafanya kazi ukimshona nyungunyungu juu ya shina lote, kwa sababu vinamshika asiteremke akajikusanya kwenye kikunjo. Kwa karpu anayenyonya chambo chini ya matope, sawa. Kwa namna ya Mzee ya kumchoma mara moja kwenye pete, havina kazi, vinaongeza vidonda tu, na ukija kumtoa trauti vinakwaruza mdomo. Tena nyingi za aina hiyo zinatengenezwa kwa waya mnene.

Kuna aina nyingine ningependa watu waijaribu: ndoano ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea shina. Samaki akimeza na mshipi ukivutika taratibu, ndoano inateleza kutoka kooni bila kushika na inageuka kwenye pembe ya mdomo. Sharti lake usiinue ufito kwa ghafla. Unakaza mshipi polepole tu, unazungusha gurudumu, inajishika yenyewe. Chagua yenye uwazi wa kutosha kwa nyungunyungu wako, maana ncha iliyopinda inakula sehemu ya uwazi. Kwa hiyo panda hatua moja kwa ukubwa ukilinganisha na ndoano ya kawaida.

Dunga_Beach

Hiyo ya duara naijua, wenye kutega mbuta kwa ndoano nyingi wengine wanaitumia. Samaki anajinasa usiku, hakuna mtu wa kuvuta. Sikujua inaingia kwenye mambo ya nyungunyungu. Asante Dada.

Kijana_wa_Kondele (Kisumu)

Wakubwa, nimesoma yote, asanteni sana. Mambo mawili yamebaki. Mshipi wangu wa ziwani ni wa milimita 0.40, je, utafaa na nambari 10? Na nyungunyungu: kwa mjomba wapo, lakini nataka kubeba wa kwangu pia niwe na uhakika. Safari ni ya matatu, Kisumu hadi Kericho halafu Molo, na mnajua joto la huku chini.

Mzee_wa_Molo

Mshipi wa 0.40 acha nyumbani. Utahangaika kuupitisha tunduni, fundo litakuwa kubwa kuliko kichwa cha nyungunyungu, na ugumu wake utamzuia asicheze. Kwa 10 na 12 tumia 0.18 hadi 0.20, kwa 8 na 6 unaweza kufika 0.22. Trauti wa kilo moja anatoka kwa 0.20 kama ufito wako unapinda na breki ya gurudumu umeilegeza. Fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, mshipi mwembamba ukikazwa mkavu unaungua na kudhoofika.

Chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, weka ndogo, punje ya pilipili manga inatosha, na iwe kama sentimita 30 juu ya ndoano. Ikikaribia zaidi inamvuta nyungunyungu chini kama jiwe na uzuri wote unapotea. Kama bwawa halina upepo, jaribu bila chubwi kabisa. Nyungunyungu ana uzito wake, atazama polepole, na mara nyingi trauti humchukua kabla hajagusa chini.

Kijito kinachoingia bwawani nacho usikisahau. Simama chini ya mkondo, tupa juu, mwache nyungunyungu ashuke na maji kukufuata wewe huku ukikusanya mshipi uliolegea. Trauti husimama kichwa kikiwa kimeelekea maji yanakotoka, kwa hiyo wewe uko nyuma yake hakuoni. Hapo ndipo 12 na yule mwekundu mwembamba wanapong'aa, maji yakiwa meupe.

Dada_wa_Elgon (Kitale)

Kuhusu kubeba: tafuta mkebe wa Kimbo, ule wa plastiki. Usiweke udongo mzito wa Kisumu, ukikauka unakuwa matofali na ukilowa unawabana wakose hewa. Weka majani makavu ya migomba yaliyolainika, au gazeti lililochanwa na kuloweshwa kisha likakamuliwa hadi lisidondoshe maji. Mdomo funika kwa kipande cha gunia kilichofungwa kwa mpira, wapate hewa na wasitoroke. Mkebe ufunge kwa kitambaa kibichi na usiuweke dirishani penye jua. Joto linawaua haraka, na mmoja akifa anaharibu wengine, kwa hiyo ukifika Kericho fungua, toa waliolegea.

Wachimbe siku moja au mbili kabla. Wakikaa kwenye gazeti bichi wanatoa udongo ulio tumboni, ngozi inakuwa ngumu na rangi inakolea. Nyungunyungu aliyetoka shimoni sasa hivi ni laini, ukimchoma anapasuka. Huyu aliyekaa anashika ndoano vizuri zaidi. Hiyo inabadilisha hata saizi, maana mgumu mwembamba anabebwa na 10 wakati yule laini wa unene ule ule angekatika.

Naivasha_Karpu

Kisumu kipindi cha kiangazi wanashuka chini sana, Kijana. Tafuta pale maji ya kuogea au ya kuoshea vyombo yanapomwagika kila siku, au chini ya migomba. Palipo na samadi ya ng'ombe ya zamani, utapata wale wekundu.

Kijana_wa_Kondele (Kisumu)

Nimerudi kutoka dukani. Nimenunua 8, 10 na 12, za waya mwembamba, na nimezipanga mezani nikazitazama kama Mzee alivyosema. Kweli 10 za kampuni mbili hazilingani, moja ina uwazi mkubwa karibu sawa na 8 ya mwenzake. Ndoano za duara sijazipata saizi ndogo hapa, zilizopo ni za mbuta. Swali la mwisho: trauti akimeza licha ya yote, na ni mdogo ambaye mjomba anataka arudi, nifanye nini?

Dada_wa_Elgon (Kitale)

Usiichokonoe ndoano. Lowanisha mikono kwanza, mikono mikavu inamtoa ule ute unaomkinga. Mwache majini, au kwenye beseni la maji ya bwawa hilo hilo, kata mshipi karibu na mdomo kadiri uwezavyo na umwachie aende. Trauti aliyekatiwa mshipi ana nafasi kubwa ya kuishi kuliko aliyevutwa ndoano kutoka kooni. Wengine huitoa wenyewe baada ya muda. Akitoka damu nyingi kwenye matamvua, huyo mwambie mjomba ni wa chakula, asirudishwe.

Na beba mkasi mdogo shingoni kwa kamba, usiwe begini.

Mzee_wa_Molo

Nami naongeza hili tu: ukizipata zile 10 mbili zisizolingana, yenye uwazi mkubwa itumie kwa wanene wa mjomba, yenye uwazi mdogo iweke kwa wale wa kwenye gazeti. Anza alfajiri kabla jua halijapasha maji ya juu. Trauti anapenda maji yaliyo chini ya nyuzi 18 hivi; mchana bwawa likipata joto atashuka kwenye kina au atasogea pale kijito kinapoingia, nawe usogee naye. Utuletee majibu hapa, hasa nambari gani iliyoshika na nyungunyungu yupi.